Mchakamchaka wa Kuomba Ruhusa

Nilijua. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimewaambia watu kwamba sikujua. Nimeisimulia hadithi hii harusini, kwenye vikao vya idara, hata kwenye usaili mmoja wa kazi, na kila mara mhusika mkuu ni mjinga anayechekesha: mwalimu wa Kitanzania aliyewafundisha watoto wa Kichina wimbo wa mchakamchaka bila kufahamu walichokuwa wakikisema. Watu hucheka sana. Usaili ule nilifaulu. Lakini nilijua tangu Jumanne, kabla ya kengele ya mapumziko, na yaliyotokea Ijumaa yalitokea kwa sababu niliamua kunyamaza.

Ilikuwa Guangzhou, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimekwenda Uchina kwa ufadhili wa masomo na kumaliza shahada ya pili kwa tasnifu ambayo aliyeisoma ni msimamizi wangu peke yake, na hata yeye nina mashaka naye. Badala ya kurudi nyumbani nikapata kazi ya kufundisha Kiingereza katika shule ya msingi ya binafsi. Wazazi walikuwa wamelipia mwalimu wa kigeni wakitarajia mtu wa rangi nyingine, lakini walikuwa na adabu, na baada ya muhula mmoja walinizoea kama watu wanavyozoea ukuta uliopakwa rangi wasiyoichagua.

Mwaka huo naibu mkuu wa shule, kijana wa Kikanada mwenye furaha isiyopoa, alileta jambo alilosema lipo katika shule zote za kwao: wiki nzima ambayo walimu na wanafunzi huvaa vituko, hushindana na kupiga kelele ili kuonyesha wanavyoipenda shule yao. Kwa Kichina wakaiita Wiki ya Jingshen, yaani wiki ya moyo, ya ari. Bahati mbaya neno hilohilo ukiliongezea kipande kidogo linakuwa wazimu. Mlinzi wa getini aliposoma bango aliniuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyeugua.

Ningeweza kumjibu kwamba ni mama yangu, ingawa si kwa ugonjwa huo.

Mama alipata kiharusi Morogoro miezi miwili kabla, akapata cha pili wiki tatu baadaye. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwanamke aliyewahi kusimamisha gwaride la wanafunzi mia sita kwa kukohoa tu. Sasa, kwa maelezo ya mdogo wangu wa kiume, alikuwa amelala upande mmoja wa kitanda cha hospitali, akiongea kwa nusu ya mdomo. Mdogo wangu alinipigia kila Jumapili kupitia simu ya kibanda cha mlinzi. Kila Jumapili mama aliuliza naja lini, na kila Jumapili nilijibu kwamba naomba ruhusa.

Na kweli niliomba. Barua ya kwanza niliiandika kama tulivyofundishwa: anwani mbili, tarehe, "YAH: Maombi ya Ruhusa", halafu nikaanza na "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", yote hayo kwa Kiingereza nilichokitafsiri mwenyewe. Mkuu wa shule, mzee mwembamba wa Kichina aliyependa mambo yanyooke, alimpa katibu wake aifasiri. Katibu alikaa nayo siku mbili, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, hiki kichwa ni cha nani?"

Ni yeye aliyenifundisha kwamba barua haikuhitajika. Kulikuwa na karatasi ndogo ya kujaza, na neno lake ni chingjia. Kuomba ruhusa ya kutokuwepo. Alinikaririsha neno hilo mara nyingi kwa sababu Kichina hubadilisha maana sauti ikipanda au ikishuka: ching ichovye chini kama mtu anayeinama, jia iporomoke. Nilifanya mazoezi bafuni. Katika maneno yote ya Kichina niliyowahi kujifunza, hilo ndilo nililolitamka vizuri kuliko yote.

Nililitamka mbele ya mkuu mara mbili. Mara zote mbili alisikiliza huku ameinamisha kichwa, akasema mama ni mama, akasema anaelewa, akasema: "Baada ya Wiki." Wageni wa elimu wa mkoa wangekuja Ijumaa kuangalia, wazazi wangekuja, na mwalimu pekee wa kigeni mwanamke hawezi kukosekana. Na pasi yangu ya kusafiria ilikuwa ndani ya kasha la chuma la ofisi yake pamoja na za wenzangu, kwa usalama, neno ambalo sijawahi kulipenda tena.

Jumamosi kabla ya Wiki kuanza nilikwenda Zhanqian, kwenye maduka ya nguo za jumla karibu na stesheni ya reli, kwa sababu Jumatatu ilikuwa Siku ya Nguo za Kulalia nami hulala na khanga kama binadamu wengine. Nilikwenda na mama mmoja wa Unguja niliyezoea kumwita Shangazi, aliyekuwa na ofisi ya kusafirisha mizigo katika jengo la Tianxiu. Muuzaji hakutaka kuniuzia pijama moja. Nilimwambia moja, akaniambia meiyou, ambalo kwenye kamusi maana yake ni "hakuna" na sokoni maana yake ni "hebu nipishe". Shangazi akanunua dazeni nne za kupeleka Dar, akachomoa moja yenye picha za bata, akanitupia.

"Vaa. Bata wamekupendeza. Sasa nipe huo mkataba wako niuone."

Nilikuwa nao mkobani. Nilikuwa nao mkobani kila siku, kama watu wengine wanavyotembea na hirizi. Shangazi aliusoma juu ya mzigo wa pijama, kidole kikishuka mstari kwa mstari, maana maisha yake yote yalikuwa ya kusoma maandishi madogo ya wenye meli.

"Hiki hapa," akasema. "Kifungu cha kumi na moja ndicho kitamu. Mwalimu akiachishwa kazi, shule itamrudisha kwao ndani ya siku mbili. Tiketi juu yao. Pasi watakupa wenyewe, tena mbio. Basi fukuzwa, mwanangu."

"Nifukuzwe?"

"Ndiyo! Vunja kioo. Mtukane huyo laobani, huyo bosi wako. Lolote lile, tabu yako nini?"

"Shangazi, mimi tangu darasa la kwanza sijawahi kuitwa ofisini kwa kosa."

"Ndiyo maradhi yako hayo. Mamako yuwalala hospitali, wewe wataka ufike kwenu na cheti cha tabia njema."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Siku iliyofuata mdogo wangu akapiga. Nikamwambia yale yale.

"Nimemwambia mama unaomba," akasema. "Unajua amejibu nini? Amesema, omba kwa sauti, walio nyuma wasikie."

Hayo yalikuwa maneno yake ya darasani. Mtoto akijibu kwa kunong'ona, mama alimwambia hivyo hivyo, chaki mkononi. Nilimaliza simu, nikamrudishia mlinzi kiti chake, nikaenda kupiga pasi bata wangu.

Jumatatu nilifundisha vitenzi nikiwa na pijama. Sina la kuongeza.

Jumanne tukaanza kuandaa ukelele. Kila darasa lilitakiwa kuwa na ukelele wake kwa ajili ya maandamano ya Ijumaa uwanjani, na mimi naibu mkuu aliniomba kitu cha Kiafrika, chochote, mradi kiwe na nguvu. Sikuwa na kitu cha Kiafrika. Nilikuwa na mchakamchaka. Aliyesoma shule ya msingi Tanzania haelezwi: alfajiri, mistari miwili, mwalimu wa zamu pembeni na filimbi, mnakimbia kuzunguka kata nzima huku mmoja akiita na wengine wakiitikia. Mwalimu wa zamu katika kumbukumbu yangu ni mama, raba nyeupe na sketi ya mpira kiunoni. Yeye huita "Mchakamchaka!" na sisi tunajibu "Chinja!" Wala hatukuwa na nia ya kumchinja mtu. Ilikuwa baridi tu.

Nikawatoa nje watoto wangu arobaini wa miaka tisa. Nikawafundisha kuinua magoti. Nikaita, wakaitikia: chinja, kama nilivyowapa, sauti ikikazwa mwanzoni. Raundi ya pili vizuri. Raundi ya tatu msichana mmoja wa mbele, asiye na meno mawili ya juu, alianza kucheka hata akashindwa kukimbia. Alimnong'oneza mwenzake. Raundi ya nne chinja ilianza kujikunja midomoni mwao. Ile chin ikachovya, ile ja ikaporomoka. Kufikia raundi ya tano nilikuwa nakimbia mbele ya watoto arobaini wanaopiga kelele, kwa matamshi safi kuliko yangu ya bafuni: Chingjia! Chingjia! Ruhusa! Ruhusa!

Nikasimama. Wakasimama. Wakaniangalia kama watoto wanavyomwangalia mwalimu ambaye hajaamua bado kama atakasirika.

Mwalimu mwenzangu wa darasa, dada wa Kichina wa umri wangu ambaye tuligawana meza na thermosi ya maji moto, alitoka mlangoni ameziba mdomo kwa mkono.

"Unawafundisha kuomba likizo?" akaniuliza.

"Ni wimbo wa kwetu."

"Wewe unasikia wanachosema?"

Ningeweza kusema nasikia. Ningeweza kuwarudisha watoto kwenye matamshi ya Morogoro kwa dakika tano. Ndiyo kazi niliyosomea, kurekebisha matamshi. Badala yake nilimtazama, naye akanitazama, na alijua habari za mama yangu kwa sababu ni yeye aliyenijazia ile karatasi mara zote mbili. Mkono wake ukashuka kutoka mdomoni. Akarudi ndani.

Nikapuliza filimbi. "Mchakamchaka!"

Jumatano ilikuwa Siku ya Nywele za Kichaa. Nilikuja na nywele zangu za kila siku, mabutu niliyosuka mwenyewe, nikapewa zawadi ya pili. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa hesabu aliyejipaka gundi. Mchana wake niliingia ofisini kwa mkuu mara ya tatu, nikiwa na utepe wa ushindi kifuani, nikatamka neno langu. Akanipongeza kwa ubunifu wa nywele. Akasema: "Baada ya Wiki."

Alhamisi mdogo wangu alipiga, na haikuwa Jumapili. Mlinzi alinifuata darasani mwenyewe, nikajua kabla sijashika mkonga wa simu.

"Hali chakula, dada. Daktari amesema tusikae mbali."

"Tusikae mbali maana yake nini?"

"Dada, wewe ndiye uliyesoma."

Nilirudi darasani nikaandika ubaoni sentensi tano za wakati ujao. Sikumbuki zilikuwa zipi. Nakumbuka kwamba mwenzangu alinifutia ubao kengele ilipolia, kwa sababu mimi nilikuwa bado nimeshika chaki nikiziangalia.

Ijumaa uwanja ulijaa. Wazazi upande mmoja na kamera zao, wageni wa mkoa upande wa pili chini ya turubai, mezani chupa za maji na maua ya plastiki, mkuu wa shule katikati yao na tai nyekundu. Madarasa yalipita moja baada ya jingine na kelele za Kikanada. Darasa langu lilikuwa la sita kupita, fulana za kijani. Nilitangulia mbele, magoti juu, filimbi shingoni, na nakiri nilikuwa naona aibu mpaka kwenye mifupa, lakini ilikuwa aibu ya kukimbia mbele za watu na kifua changu hiki. Yale mengine niliyaacha mahali asipofika mtu.

Tulipofika mbele ya turubai nikaita.

Arobaini wakaitikia. Nikaita tena. Darasa la tano, lililokuwa limeshasimama pembeni, likadakia. Halafu la nne. Ukelele ule ulikuwa na kitu ambacho zile nyingine hazikuwa nacho: watoto walikuwa wanamaanisha. Sijui mtoto gani duniani hataki ruhusa. Raundi ya nne shule nzima ilikuwa inaruka mahali ilipo na kudai likizo mbele ya mamlaka, na wazazi wakawa wanacheka wameshikana mabega, na mimi nikaita mara ya tano, na ya sita, zaidi ya tulivyopanga. Koo liliwaka. Niliita kama yule wa zamu wa Morogoro, ili walio nyuma wasikie.

Wageni wa mkoa hawakucheka. Mmoja aliinama akamwuliza mkuu kitu sikioni. Mkuu akaniangalia. Nikapuliza filimbi, watoto wakanyamaza, na katika ule ukimya nikasikia kamera moja ikizungusha filamu.

Saa kumi jioni niliitwa ofisini, kwa mara ya kwanza tangu darasa la kwanza.

Mkuu alikuwa amevua tai. Mkataba wangu ulikuwa mezani, umefunguliwa, na hata nikiwa nimesimama niliona ni ukurasa wa kifungu cha kumi na moja. Alimleta mwenzangu wa darasa afasiri, maana hakutaka jambo hili lipotee katikati ya Kichina changu na Kiingereza chake. Kando ya mkataba kulikuwa na bahasha ya kahawia. Pembe ya kijani ilichungulia. Ilikuwa pasi yangu.

Akaongea kwa utulivu. Mwenzangu akafasiri akiangalia zulia.

"Anasema, wageni wanadhani shule inawatumia watoto kudai mambo ya walimu. Anasema, kama ulijua wanachosema, inabidi uachishwe kazi leo. Tiketi watanunua kesho asubuhi. Kama hukujua, basi ni ajali ya lugha mbili, atawaeleza wageni, na mambo yameisha. Anauliza: ulijua?"

Nimekuwa na miaka mingi ya kulitafakari swali hilo, na bado naona halikuwa gumu. Mlango ulikuwa wazi. Pasi ilikuwa pale, ningeweza kuigusa. Neno moja, ndiyo, na Jumapili ningekuwa Morogoro. Shangazi angeniimbia. Mama, kama angeweza kucheka, angecheka.

"Sikujua," nikasema.

Sikufikiri. Ndiyo aibu yenyewe. Mkuu wa shule akimwuliza mwanafunzi wa aina yangu kama ni yeye, mdomo hujibu kabla ya mtu. Miaka yote ya kuwa mtoto wa mwalimu, wa kwanza mstarini, soksi zimepandishwa, ilinikimbilia kinywani na kunitetea. Na nyuma yake kulikuwa na fikra moja ndogo chafu: mama amewaambia majirani wote kwamba mwanawe anafundisha Uchina. Nirudi nimefukuzwa?

Mwenzangu alikaa kimya sekunde moja zaidi ya inavyohitajika kufasiri neno moja. Alijua nilijua. Alikuwa ananipa nafasi, sasa naona. Kisha akafasiri, akaongeza sentensi yake mwenyewe, na mkuu akacheka na kushusha mabega.

"Umemwambia nini?" nilimwuliza baadaye koridoni.

"Kwamba Kichina chako ni kibaya sana." Hakuwa anatabasamu. "Nilidhani ulitaka kwenda."

Mkuu alinimiminia chai. Kisha, kwa ukarimu wa mtu aliyetua mzigo, akafungua mtoto wa meza, akatoa ile karatasi ndogo niliyoipeleka mara tatu, akaipiga mhuri mwekundu. Siku kumi, kuanzia Jumatano ijayo, wageni wakishaondoka. Pasi akairudisha ndani ya kasha mpaka siku hiyo. Nikamshukuru kwa mikono miwili. Nilishika karatasi ya ruhusa, chai ikiwa moto, nikahesabu: Jumatano, Alhamisi angani, Ijumaa Dar, jioni Morogoro. Hata hapo ningeweza kusema. Alikuwa bado amekaa mbele yangu. Nilimwuliza kama naweza kuongezewa sukari.

Kesho yake, Jumamosi, saa tisa alasiri, nilikuwa naanua pijama ya bata kwenye kamba ya bweni la walimu. Mlinzi alinipungia mkono kutoka getini. Hakuita jina langu kwa kelele kama kawaida yake. Kibandani alikuwa ameshasimama, kiti amekivuta karibu na simu, na alitoka nje akafunga mlango.

"Haloo."

Laini ilikuwa mbaya, sauti yangu mwenyewe ikinirudia kutoka mbali.

"Dada. Umekaa?"

"Nimekaa."

"Mama ametutoka. Alfajiri hii. Nilikuwepo."

Nilikuwa bado na pijama mapajani, na kibanio kimoja cha nguo nimekibana kwenye kidole.

"Wazee wamekaa," akasema mdogo wangu. "Mazishi ni Jumatatu. Nimewaambia wasubiri, wanataka kujua kwanza. Dada? Ruhusa umepata?"

"Nimepata."

"Sikusikii. Umepata ruhusa?"

"Nimepata."

"Sema kwa sauti, dada. Sikusikii."